Sahani Mbili za Tambi

Ramadhani iliyopita jirani yangu aliniletea bakuli la tambi za futari. Alikuwa amezikaanga vizuri mpaka zikapata rangi ya kahawia, akazipika kwa tui na iliki, akatupia zabibu juu. Nilimshukuru sana, nikalifunika bakuli, nikawapa watoto. Binti yangu akaniuliza kama siku hizi nina kisukari. Nikamjibu ndiyo, ninacho, tusibishane wakati wa futari. Sina. Ila harufu ya tambi na iliki ikinipata puani hunirudisha Kibiti, na Kibiti ninayorudishwa mimi si mahali pa kwenda mtu aliyeshinda na njaa.

Bora niseme mapema, msije mkadhani nawavizia. Mama yangu alikuwa na kifua kikuu, na mimi, kwa akili yangu ya miaka minane, nilidhani ana mimba. Yote ninayoyasimulia yametoka hapo.

Wa rika langu mtakumbuka jinsi tulivyopanga foleni kwenye duka la ushirika kungojea sabuni, mche mmoja ukakatwa vipande kwa nyumba nne, na sukari ikapimwa kama dawa. Kisha ikaja miaka ya ruksa, biashara ikaachiwa huru. Hata kwetu Salale, ndani kabisa ya delta, mahali ambapo kila kitu hufika kwa maji na hufika kikiwa kimechelewa, mambo yalianza kubadilika. Walikuja wanunuzi wa kamba na makasha yao ya barafu. Zikaja nguo za mitumba zenye vifungo vya kila rangi. Madebe ya mafuta ya kupikia yakapangwa mlangoni mwa duka na hakuna aliyeyapigania. Na zikaja tambi, katika pakiti zinazong'aa, unazisikia zikivunjika ukizibinya.

Kabla ya hapo tambi tulizijua siku ya Idd tu. Pakiti moja ilipikwa kwa nyumba nzima na majirani zake, ukapewa vijiko viwili, ukavila polepole huku umefumba macho. Kwa hiyo fikirini tulivyopokea habari kwamba Kibiti, pale magari ya kusini yanaposimama kabla ya kwenda kungoja pantoni ya kuvukia mto, kuna mwanamke anaitwa Bi Tausi anapika tambi kila siku ya Mungu. Jumatatu tambi, Jumanne tambi. Mtu akirudi kutoka Kibiti, kabla hajatoa habari za mgonjwa aliyekwenda kumtazama, anaulizwa kama amekula kwa Bi Tausi. Aliyejibu hapana alionekana amepoteza safari. Rafiki yangu mmoja, ambaye baba yake aliwahi kumletea tambi hizo zikiwa zimepoa ndani ya kopo, alitutambia nazo kutoka mwezi mmoja mpaka mwezi mwingine, na sisi tuliomzunguka tulikuwa tunameza mate tu.

Nyumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alikuwa amehamia Mafia kwa mke mwingine, salamu zake zikija kwa nadra na yeye mwenyewe asije. Mama alikausha kamba na kuwauza, alilima kijaruba chake cha mpunga, na hakuwa mtu wa kulalamika. Tulilala mkeka mmoja na tulikula sahani moja. Alikuwa na kawaida ya kuniachia tonge la mwisho pembeni mwa sahani, lile lililolowa mchuzi, akasema, "Haya, makombo yako hayo." Kwetu makombo ya mama ni haki ya kitinda mimba. Mimi nilikuwa wa kwanza na wa mwisho, kwa hiyo sikuwa na wa kugombana naye.

Halafu mama akabadilika. Alianza kunipakulia peke yangu, na yeye akajipakulia kwenye sahani yake ya bati yenye maua mekundu, akakaa nayo mbali, karibu na mlango. Kikombe chake kikawa chake, hakuna ruhusa kukigusa. Mkeka wangu aliuhamishia chumba cha mbele. Nikimkimbilia kumkumbatia, alinizuia kwa mkono ulionyooka. Alikuwa na kopo lenye majivu, akitemea humo na kulifunika. Chakula hakimpandi, mchana amechoka, usiku jasho linamtoka mpaka kanga inalowa. Alikuwa amekwenda zahanati mara mbili, na mara ya pili alirudi na karatasi aliyoikunja akaifunga kwenye pindo la kanga.

Mimi sikuuliza mtu. Jibu nililipata mwenyewe kisimani, kwa kusikiliza wanawake wakichota maji. Walikuwa wakimcheka jirani yetu mmoja ambaye mimba yake ilikuwa imemkataa mumewe: hataki kumwona, hataki harufu yake, bwana wa watu amehamia barazani. "Afadhali huyo," mmoja akasema. "Mimi mimba yangu ya pili ilimkataa yule mkubwa wangu. Nikimtazama natapika. Ikabidi apelekwe kwa bibi yake mpaka nilipojifungua." Wakacheka, wakajitwisha ndoo zao, wakaenda. Nikabaki pale nimeshika kamba ya ndoo. Kutema mate, kutopenda chakula, kuchoka, kunikwepa: kila kitu kilikaa mahali pake. Mama ana mimba, na mimba yake imenikataa mimi. Kwamba baba hakuwa ametia mguu Salale mwaka mzima halikunisumbua, maana sikujua kama jambo hilo lina uhusiano.

Nilimchukia mtoto huyo kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Nilimchukia kabla hajapata jina. Nilikuwa nikiutazama mkanda wa kanga kiunoni mwa mama na kuona jinsi mwili ulivyokuwa ukikonda, nikasema moyoni, kumbe ni wewe unayemla mama yangu.

Siku moja mama akaniambia, "Kesho kutwa tunakwenda Kibiti kwa mama yako mdogo. Nitakupitisha kwa Bi Tausi, ule tambi mpaka useme basi."

Nilisahau chuki yote. Nilizunguka kijiji kizima nikitangaza, nikaanza na yule rafiki mwenye tambi za kopo. Sikuuliza kwa nini nguo zangu zote zimefungwa na zake zimefungwa mbali, katika vifurushi viwili.

Tuliondoka maji yalipojaa, kwenye boti ya mashine ya wanunuzi wa kamba, tukipita katikati ya mikoko. Nyamisati, boti ilipotushusha, tukapata lori lililobeba boriti na abiria juu yake. Mama alikataa kukaa na wanawake wenzake, akapanda nyuma kabisa, uso umeelekea tulikotoka, upepo ukimpiga, kanga imeziba mdomo. Alinikabidhi kwa mwanamke mmoja aliyekaa mbele. Wanawake wakaniuliza mama ana nini. Nikawajibu kwa ukubwa kwamba hapendi harufu ya samaki. Wakatazamana, wakasema hongera.

Mgahawa wa Bi Tausi haukuwa na kibao. Ulikuwa banda la makuti na madawati sita marefu, na watu walikuwa wamejaa mpaka nje: madereva, wafanyabiashara wa Lindi, kina mama wenye watoto mgongoni. Bi Tausi mwenyewe alikuwa mnene, mweusi, ana kipini puani, na alipika mbele ya watu. Alivunja tambi kwa mikono miwili, akazimimina kwenye mafuta, akageuza na kugeuza mpaka zikaanza kunukia kama karanga. Kisha tui, sukari, iliki iliyotwangwa. Akafunika sufuria, akapalia makaa juu ya mfuniko, na hapo hukuruhusiwa kumharakisha hata uwe nani. Dereva mmoja alijaribu kusema basi lake linaondoka. Bi Tausi akamwambia, "Nenda nalo, mwanangu. Tambi hazina haraka." Akangoja.

Tulipata nafasi mwisho wa dawati la nyuma, karibu na mwanga. Mama aliniweka upande mmoja na yeye akakaa upande wa pili, kati yetu pakabaki nafasi ya mtu. Bi Tausi alipofika akatutazama miguu.

"Nyie wa delta. Tope lenu nalijua. Sahani moja inawatosha, ikipungua nitawaongeza."

"Nipe mbili, dada," mama akasema. "Na yangu nitilie humu."

Akafungua kikapu akatoa sahani yake ya maua mekundu, na kijiko chake, na kikombe chake. Nilitamani dawati linimeze. Watu walikuwa wamegeuka. Nani anakwenda kwenye mgahawa na sahani yake kutoka nyumbani, kana kwamba vyombo vya wenzake vina najisi? Bi Tausi hakuichukua sahani mara moja. Alimtazama mama usoni, akatazama mabega yake yalivyochongoka, akatazama ile kanga mdomoni. Ndipo mimi, kwa kutaka kumwokoa mama na aibu ile, au labda kwa kutaka kumshitaki, nikasema kwa sauti ya kusikika na dawati zima:

"Ana mimba. Imenikataa."

Mwanamume mmoja akacheka. Bi Tausi hakucheka. Alimgeukia mama, na mama akanitazama mimi. Alikuwa na macho makubwa wakati ule, makubwa kuliko ya zamani. Nimejaribu miaka yote kukumbuka kama yalikuwa na huzuni au nini, lakini ninachokiona mimi ni mtu anayehesabu jambo haraka haraka, kama anayetafuta pa kukanyaga kwenye tope.

"Ndiyo," akasema. "Imemkataa mwanangu. Ndiyo maana namleta kwa mdogo wangu hapa. Nikijifungua nitakuja kumchukua."

Ndivyo nilivyojua kwamba naachwa. Bi Tausi aliichukua sahani ya mama kwa mikono miwili, kwa heshima, akaenda. Aliporudi, yangu ilikuwa imejaa mpaka inamwagika na zabibu zote nadhani alizitia mle. Akanipapasa kichwa. "Kula, mwali wangu," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nitasema kweli: zilikuwa tamu. Ningependa kuwaambia kwamba hazikupita kooni, kwamba huzuni ilinikaba, lakini nilikuwa na miaka minane na nilizila zote. Kila kipande kilikuwa peke yake, hakikushikana na mwenziwe, na chini ya sahani kulikuwa na tui lililoganda na sukari. Nilikula nikiwa nalia, machozi na kamasi vikichanganyika na iliki. Mama alikula vijiko vitatu, labda vinne. Akaweka kijiko chini, akanywa maji, akawa ananitazama ninavyokula. Hakuwa amenitazama vile siku nyingi.

Nilipomaliza, sahani yake ilikuwa na zaidi ya nusu. Nikamngoja aseme lile neno lake. Hakusema. Nikaona labda amesahau, nikanyoosha kijiko changu kuelekea makombo yangu.

Alinipiga mkono. Mama hakuwa mtu wa kupiga. Kijiko kiliruka kikaanguka chini, na yeye akasimama na sahani yake, akaenda nyuma ya banda kwenye shimo la majivu la Bi Tausi, akazimwaga tambi zote kwenye makaa. Nilimfuata nikaziona. Zilitoa moshi wenye harufu ya sukari inayoungua. Hakumpa kuku, hakumpa paka aliyekuwa pale. Alichukua kijiti akazichimbia ndani ya moto mpaka zikaisha.

Nadhani mtu aliyekua na njaa ya foleni ndiye anayeweza kuelewa nilichokiona. Tambi, za Bi Tausi, nusu sahani, na mama ameona bora ziungue kuliko nile mimi. Nikasimama mbele yake nikasema, "Mungu aichukue hiyo iliyoko ndani yako. Aichukue ife."

Sikuwahi kusema neno baya namna ile na nilijikunyata nikingoja kibao. Mama aliniinamia, si karibu sana, akashika magoti yake. Akaitikia polepole.

"Amin, mwanangu."

Sikuelewa. Nilidhani ananidhihaki, na hilo likaniudhi zaidi. Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, siku moja tu nikiwa nafua, wala sikuwa nawaza habari zake: nilikuwa nimemwombea kupona, na hakuna mwingine aliyemwombea kwa sauti siku ile. Nilikaa chini pale pale na mapovu mikononi.

Mama mdogo Zaituni, mdogo wake wa tumbo moja, alitufuata hapo hapo mgahawani. Mama hakufika hata nyumbani kwake. Walisimama mbalimbali, kila mmoja upande wake wa njia, wakazungumza maneno machache, kisha likaja basi la kutoka kusini liendalo Dar. Mama mdogo akaniambia, "Mpe mama mkono, Mwajuma. Muage." Nikaficha mikono yangu nyuma. Nikatazama pembeni, kwenye makuti.

"Mwache, Zaituni," mama akasema. "Ameshiba, anataka kulala."

Akapanda. Basi lilipoondoka niliangalia kwa pembe ya jicho. Alikuwa amekaa dirishani, kanga mdomoni, ananitazama. Nikageuza kichwa makusudi, ili anione nimegeuza.

Nilikaa kwa mama mdogo msimu mzima wa mvua na kiangazi chake. Alikuwa mwema kwangu. Alikuwa akiuza vitumbua asubuhi, na alikuwa ameapishwa na mama asimwambie mtu, maana hakuna ambaye angenunua kitumbua kutoka nyumba yenye ndugu wa kifua kikuu, na mimi mdomo wangu haukuwa na kufuli. Kwa hiyo nilipouliza mama atarudi lini, alisema akimaliza. Akimaliza nini sikuuliza, kwa sababu nilijua. Nilikuwa nahesabu. Nilijua mimba inakaa miezi tisa. Na kila baada ya Magharibi, wenzangu walipokuwa wakiwaombea wazazi wao, mimi niliombea jambo langu moja, kwamba mtoto asifike, mama arudi peke yake.

Habari ilikuja kwa barua aliyoileta kondakta. Nilitoka chuoni kusoma Kurani nikakuta mikeka imetandikwa uani na wanawake wanaingia wamejifunika. Nilijua ni msiba, sikujua wa nani. Mama mdogo alinishika mkono akaniingiza chumbani, akafunga mlango, akapiga magoti ili macho yetu yalingane.

"Mwajuma, mwanangu. Mama yako amefariki. Wamemzika huko huko."

Nilimsikia. Maneno niliyajua, kila moja. Lakini swali lililonitoka ni lile lililokuwa limekaa kinywani mwangu miezi yote.

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

"Aliyekuwa tumboni. Yeye amepona?"

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Nani kakwambia habari za mtoto?"

"Mama. Kwa Bi Tausi."

Mama mdogo alijifunika uso kwa kanga, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Wanawake wakagonga mlango, akawaambia waache. Kisha akaanza kunieleza, akikatisha na kuanza upya. Kwamba mama alikuwa na kifua. Kwamba maradhi yale yanapita kwenye pumzi na mate, na ndiyo maana ya sahani, na kikombe, na mkeka, na mkono ulionyooka. Kwamba aliogopa nitaugua. Kwamba aliogopa pia nikijua nitang'ang'ania kwenda naye hospitali Dar. "Hapakuwa na mtoto," akasema. "Mwajuma, nisikilize. Hakukuwa na mtoto mwingine. Alikuwa na wewe tu."

Sijawahi kumweleza mtu nilichosikia moyoni wakati ule, hata mume wangu. Nilifurahi. Mimba haikuwepo. Hakuna aliyenikataa, hakuna aliyeninyang'anya chochote, na mama alikuwa wangu peke yangu siku zote. Furaha ilinijaa mpaka nikataka kukimbia nje niende kumwambia. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono uko kwenye komeo, ndipo nilipokumbuka kwamba amekufa.